UFUNGUO WA PROGRAMU: AKIONDOKA MWENYEWE, NANI ATAFUNGUA?

Sogeeni karibu na redio, na katibu wa kikundi afungue daftari, maana somo la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo, ambacho ukubwa wake haupiti kidole gumba, nacho kimepata kusimamisha kazi za ofisi nzima, si mara moja wala mbili.

1. Ufunguo huu ni nini?

Sote twajua kwamba kompyuta haifanyi kazi kwa chuma chake peke yake. Yahitaji maagizo, na maagizo hayo ndiyo tunayoyaita programu. Kompyuta bila programu ni kama cherehani bila fundi: ipo mezani, yapendeza macho, lakini haishoni kitu.

Ziko programu za bei rahisi, ziko za bure, na ziko za bei kubwa sana. Hizo za bei kubwa ni kama zile za kuchorea majengo na madaraja, za kupimia viwanja, za kukadiria miamba ndani ya mgodi, na baadhi ya zile za kutunzia hesabu za kampuni. Mwenye kuziuza huogopa kwamba mtu mmoja atanunua, kisha atawagawia wenzake kumi nakala bila malipo. Basi pamoja na programu hutoa kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma au ubavuni mwa kompyuta. Mafundi hukiita dongoli. Sisi katika somo hili tutakiita ufunguo wa programu.

Kazi yake ni hii. Programu inapoanza, hupiga hodi katika ule ufunguo na kuuliza swali. Ufunguo hujibu. Jibu likiwa sawasawa, programu hufunguka na kazi huendelea. Jibu likikosekana, programu hugoma. Hata ukiwa na nakala mia za programu, kama una ufunguo mmoja, ni kompyuta moja tu itakayofanya kazi kwa wakati mmoja. Programu yaweza kunakiliwa kwa dakika chache, lakini kifaa hakinakiliki kwa urahisi. Hapo ndipo ilipo hekima ya mwuzaji, na hapo ndipo yalipo mashaka ya mnunuzi.

2. Ulitoka wapi?

Hapo mwanzo hapakuwa na haja ya ufunguo. Katika miaka ya 1950 na 1960 kompyuta zilikuwa mashini kubwa za kujaza chumba. Kampuni kama IBM ya Marekani zilikodisha mashini hizo, na programu zilikuja pamoja nazo, hazikutozwa bei yake mbali. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza baadhi ya programu peke yake. Tangu hapo programu ikawa bidhaa, na kila bidhaa ina mwenyewe, na kila mwenyewe huitafutia kufuli.

Katika miaka ya 1970 zikatokea kompyuta ndogo za mezani. Watu wakaanza kunakiliana programu kama vijana wanavyonakiliana nyimbo. Mwezi Februari 1976 kijana mmoja wa Marekani, Bill Gates, mwenye umri wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakitumia programu ya kampuni yake bila kuilipia. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Mtu aliyekesha miezi mingi akiandika programu naye ana tumbo la kulisha.

Mwaka 1980 likapatikana jibu. Programu ya kuandikia barua iliyoitwa Wordcraft, iliyotumika katika kompyuta aina ya Commodore PET, ikawa ya kwanza kuuzwa na kifaa cha ulinzi. Kifaa hicho kilichomekwa mahali pa kuunganishia kinasa sauti cha kaseti. Hakikuwa na ujanja mwingi. Kilitoa ishara zile zile kwa mpango ule ule, na programu ikitambua ishara hizo ilikubali kufanya kazi.

Baadaye yakazuka makampuni yaliyojishughulisha na funguo hizi tu. Aladdin ilianzishwa Israeli mwaka 1985, Rainbow Technologies ilikuwa Marekani, na Wibu-Systems ilianza Ujerumani mwaka 1989. Funguo zikawa na akili zaidi. Hazikutoa tena jibu moja la daima, bali zilijibu kwa maandishi ya mafumbo yanayobadilika kila mara. Kwanza zilichomekwa katika mlango wa printa. Kisha, baada ya mlango wa USB kuingia mwaka 1996, zikahamia huko taratibu.

3. Nchini kwetu

Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu zilizotegemea mashini hizo hazikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa baadaye. Kwa hiyo ufunguo wa programu ulipozaliwa mwaka 1980, mlango wetu sisi ulikuwa bado umefungwa. Tulipokuja kuufungua, bidhaa zilituingilia pamoja na kufuli zake tayari. Hatukuwapo zilipopangwa desturi za biashara hiyo. Tulizikuta.

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na programu za kompyuta zikaingizwa katika kazi zinazolindwa. Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kilitokana na sheria hiyo. Yafaa tulijue jambo hili tangu sasa: kunakili programu ya mtu bila idhini yake ni kosa, hata kama muuza maduka wa mtaani anafanya hivyo mchana kweupe.

4. Matatizo ya ufunguo

Sasa tutazame upande wa mnunuzi. Mpima ardhi amelipia programu yake fedha halali. Risiti anayo. Siku moja ufunguo unaanguka na kukanyagwa, au unapotea safarini, au unaungua umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Programu imo ndani ya kompyuta, salama kabisa. Kazi zake za miaka mitano zimo humo humo. Lakini hawezi kuzifungua. Yuko kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, akiona taa inawaka ndani.

Kwa mtu wa London tatizo hilo ni la siku mbili tatu. Kwa mtu wa Mpanda ni jambo jingine. Kutoka Mpanda mpaka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,100, na mara nyingi hata huko Dar es Salaam mwenye ufunguo hayupo. Yuko ng'ambo ya bahari, na atataka umrudishie kwanza kile kilichovunjika. Ukiwa umepotea kabisa, makampuni mengi hukuambia ununue programu upya, kwa hoja kwamba hawawezi kujua kama ufunguo umepotea kweli au umempa jirani.

Tatizo la pili ni kuchakaa kwa zama. Ufunguo wa mlango wa printa hauwezi kuchomekwa katika kompyuta ya leo isiyo na mlango huo. Ufunguo ni mzima, programu ni nzima, lakini havikutani.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: mwenye programu kufunga biashara au kuuza kampuni. Hata hao watengenezaji wa funguo wamepita katika mikono mingi. Rainbow ilichukuliwa na SafeNet mwaka 2004. Aladdin nayo ikaingia SafeNet mwaka 2009. SafeNet ikanunuliwa na Gemalto mwaka 2015, na Gemalto ikanunuliwa na Thales ya Ufaransa mwaka 2019. Hao walirithiana. Lakini kampuni ndogo ya programu ikifa bila mrithi, utampigia nani simu?

5. Somo la reli ya Mpanda

Hapa, ndugu wasikilizaji, nataka tuache kompyuta kidogo tutazame historia yetu wenyewe, maana watu wa Mpanda walikwisha kuliona jambo hili kabla kompyuta haijafika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals iliendesha mgodi wa risasi karibu na Mpanda. Ninasema risasi ile metali nzito, si ya bunduki tu. Ili mzigo upate kwenda pwani, ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua mpaka Mpanda, urefu wa kilomita 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mji ukakua juu ya kazi hiyo. Kisha mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kampuni ikaondoka.

Je, reli iliondoka nayo? Haikuondoka. Kwa nini? Kwa sababu reli haikuwa ya kampuni ile. Ilikuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, chombo cha umma. Mgodi ulikuwa mteja wake mkubwa, lakini mteja si mwenye nyumba. Ndiyo maana treni iliendelea kubeba mahindi, tumbaku, na abiria. Wakimbizi wa Burundi walipopewa makazi Katumba miaka ya 1970, reli ilikuwa inapita hapo hapo. Na hata leo Mpanda ni mwisho wa njia ile.

Fikirini kama ingekuwa kinyume. Fikirini kama kila behewa lingehitaji ufunguo kutoka ofisi ya mgodi, na mgodi umefungwa, na wakubwa wake wamepanda meli kurudi kwao. Chuma kingekuwapo, taruma zingekuwapo, na watu wangekuwapo na magunia yao, lakini safari isingekuwapo. Hapo twapata kanuni ya somo letu: kabla ya kuijenga kazi yako juu ya chombo, uliza ni nani atakayekifungua mwenyewe akiondoka.

6. Wengine walifanyaje?

Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 iliyokataza kuvunja kufuli za kielektroniki zinazolinda kazi za hakimiliki. Lakini sheria hiyo iliacha dirisha. Kila miaka mitatu, ofisi ya hakimiliki ya huko husikiliza maombi ya watu wanaoumizwa na katazo hilo bila haki. Mwaka 2000 ilitolewa ruhusa kuhusu kufuli zilizoharibika au zilizopitwa na wakati. Mwaka 2003 ruhusa hiyo ikazitaja wazi programu zilizofungwa kwa ufunguo ulioharibika na usiopatikana tena. Mwaka 2006 wakaeleza maana ya kupitwa na wakati: ni pale ambapo ufunguo hautengenezwi tena, au mwingine wa badala yake, au matengenezo yake, hayapatikani sokoni kwa njia ya kawaida. Ruhusa hiyo ilirudiwa mwaka 2010, kisha katika orodha ya mwaka 2012 haikuwamo.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, hata nchi inayolinda sana haki za wauzaji ilikiri kwamba mnunuzi halali naye ana haki. La pili, haki hiyo haikuja yenyewe. Watu walikwenda wakaiomba, wakaonyesha ushahidi, na ilipokosa kuongezwa muda ilikoma.

7. Ufunguo usioshikika

Labda yuko asemaye, "Mwalimu, mimi sina kompyuta wala dongoli, yanihusu nini?" Ndugu yangu, kama una mita ya LUKU nyumbani, yanakuhusu.

Jina LUKU latokana na kulipia umeme kadiri unavyotumia, na utaratibu huo ulianza kuenea nchini katika miaka ya 1990. Ukilipa, wapewa tarakimu 20. Waziingiza katika mita, na taa inawaka. Tarakimu hizo hazimfai jirani yako. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya mita yako umelala ufunguo wa siri, na tarakimu zile zimefungwa kwa ufunguo huo huo. Hiki ni kile kile tulichokisema, isipokuwa sasa hakichomekwi kwa mkono. Kimekuwa hesabu tupu.

Hesabu haikanyagwi wala haipotei njiani. Lakini nayo ina matatizo yake. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja wengi nchini hawakuweza kununua kwa simu kama walivyozoea. Watu walikuwa na fedha mkononi, nguzo na nyaya zilikuwa na umeme, lakini nyumba zikawa gizani kwa kukosa tarakimu.

Tena mwaka 2024 tukaona jambo la ajabu zaidi. Utaratibu wa mita hizo, uliotoka Afrika Kusini na kuenea nchi nyingi, ulihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na kila tokeni ilipigwa muhuri wa dakika yake ili isitumiwe mara mbili. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa ya dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo ingezikataa tokeni mpya, ingawa mita yenyewe ni nzima. Ndiyo maana TANESCO iliwapa wateja tarakimu za ziada za kuingiza kabla ya zile za umeme. Wengi waliziingiza bila kujua maana yake. Sasa mmejua: mlikuwa mkibadilisha kufuli.

Kilichotuokoa hapo ni nini? Ni kwamba utaratibu ule uliandikwa wazi kama kipimo cha kimataifa, mafundi wa nchi nyingi waliujua, na siku ya mwisho ilijulikana miaka mingi mbele. Kufuli yenye tarehe inayojulikana si adui mkubwa. Adui mkubwa ni kufuli ambayo siri yake anaijua mtu mmoja, naye hapatikani.

8. Tufanye nini?

Sisemi tuvunje kufuli za watu. Programu iliyovunjwa kufuli na kuuzwa vichochoroni ni mali ya wizi, na mara nyingi imebeba virusi vya kuharibu kompyuta na kuiba siri. Lakini ziko njia halali, na wenye busara huzishika kabla ya msiba, si baada yake.

Kwanza, soma mkataba kabla ya kulipa. Uliza kwa maandishi: ufunguo ukivunjika, nitapewa mwingine kwa bei gani na kwa siku ngapi? Ukipotea je? Na kampuni ikifungwa, nitabaki na nini? Kwa programu kubwa za halmashauri au chama cha ushirika, yawezekana kudai kwamba maandishi ya asili ya programu yawekwe amana kwa mtu wa tatu, ayatoe kampuni ikifa.

Pili, andika namba ya ufunguo katika daftari la mali, weka risiti, na umkabidhi mtu mmoja kwa saini, kama unavyokabidhi ufunguo wa ghala. Usiuache umening'inia mahali pa kupigwa na kiti au mguu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, usiifungie kazi yako ndani ya programu moja. Kila mwisho wa mwezi toa nakala ya hesabu, ramani au orodha katika namna inayosomeka na programu nyingine, na nyingine uichape katika karatasi. Programu ni ya mwuzaji. Hesabu ni zako.

Nne, zijue programu huria, zile ambazo wenyewe wameruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili na hata kuzirekebisha. Harakati zake zilianza Marekani mwaka 1983. Leo iko LibreOffice kwa barua na hesabu, na iko QGIS kwa ramani. Vijana wa mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, walichora ramani za mitaa inayofurika maji kwa kutumia vyombo vya namna hiyo. Takwimu za afya za wilaya zetu nazo hupelekwa kwa mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchi nzima. Mfumo huo hauna dongoli. Lakini msidanganyike kwamba huria maana yake haina gharama. Yahitaji fundi aliyesoma, na fundi ana mshahara. Tofauti ni kwamba fedha hiyo yaweza kumlipa fundi wa hapa hapa, naye maarifa yake hayana wa kuyazima kutoka ng'ambo.

9. Maneno ya mwisho

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi tuongeze kwamba daftari lenyewe likiwa na kufuli, yafaa kujua ufunguo uko kwa nani. Mwandishi wa programu apate ujira wake, hilo ni haki. Mnunuzi naye asifungiwe nje ya kazi yake mwenyewe, hilo pia ni haki. Mizani hiyo haitasimama sawa kwa huruma ya mwuzaji. Itasimama kwa mnunuzi anayeuliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Tajeni vitu vitatu katika kijiji au mtaa wenu ambavyo haviwezi kufanya kazi bila idhini ya mtu aliye mbali.
2. Kama reli ya Kaliua hadi Mpanda ingekuwa mali ya mgodi peke yake, mji ungekuwaje baada ya mwaka 1960?
3. Ofisi yenu au chama chenu kina programu gani ya kulipia? Ufunguo wake uko kwa nani, na ukipotea kesho mtafanya nini?
4. Je, sheria yetu nayo yafaa imruhusu mnunuzi halali kufungua kufuli ambayo mwenyewe amekufa au hapatikani? Toeni hoja za pande zote mbili.

Katibu aandike majibu, na kikundi kiyajadili kabla ya somo lijalo.